Kauli ya Daraja la Mkanyagi, Muda Ukiruhusu

Nchi yenyewe msiniulize iko wapi. Nikisema iko kusini, wa kusini watanuna; nikisema kaskazini, wa kaskazini watanitafuta. Tuseme tu kwamba ipo, ina bendera, ina wimbo, ina Rais na picha za Rais, na jina lake ni Jamhuri ya Tuliani. Nyinyi hamjawahi kufika huko. Mkiona kama mnaifahamu, hilo ni lenu na dhamiri zenu, mimi simo.

Tuliani walikuwa na sheria moja nzuri mno, hata wageni walikuwa wakija kuisoma na kurudi makwao wakijikuna vichwa. Sheria ilisema hivi: jambo lolote halijatokea mpaka Serikali ilitolee kauli Bungeni. Mvua ikinyesha kabla ya kauli, hiyo si mvua, ni uvumi wenye maji. Mtu akisikika sokoni akisema unga umepanda bei kabla Waziri hajasema, anakamatwa kwa kosa la kutangulia kujua. Iliwekwa ili kuleta utulivu, na utulivu ulikuja kweli, maana mambo mengi mabaya yalikoma kutokea.

Tabu ni kwamba wiki ni fupi na mambo ni mengi. Kauli zikabidi zipangwe foleni, foleni ikaitwa Ratiba ya Shughuli za Bunge, na aliyekuwa akiipanga ni Bi. Asumini Mbaruku.

Bi. Asumini alikuwa mama wa makamo, miguu inavimba, miwani imefungwa uzi. Aliipanga Ratiba tangu enzi za taipureta, chini ya maspika waliokuja na kuondoka, mpaka mikono yake ikawa inaipanga yenyewe bila kumuuliza. Jumatatu ni Pongezi kwa Mheshimiwa Rais. Jumanne ni Pongezi kwa waliompongeza Mheshimiwa Rais. Jumatano ni miswada, ambayo hupitishwa kwanza ndipo ijadiliwe, ili mjadala usije ukaidhuru. Alhamisi ni maswali. Majibu huandikwa mapema, kisha wabunge hutafutiwa maswali yanayoyafaa. Ijumaa ndiyo siku ya Kauli za Serikali.

Kauli tamu, kama ile ya mawaziri kurudi salama kutoka ng'ambo, zilisomwa Ijumaa saa tatu asubuhi, watu wakiwa na chai tumboni. Kauli chungu zilipangwa mwisho kabisa, saa saba mchana, wakati wabunge wanaoswali wameshakwenda kuswali na wasioswali wameshakwenda kuwasindikiza. Mbele ya kila kauli chungu Bi. Asumini aliandika maneno mawili: Muda ukiruhusu.

Muda haukuwahi kuruhusu. Palikuwa na kauli ya nzige, ambao walifika, wakala, wakashiba, wakafa kwa uzee, na kiserikali walikuwa bado njiani. Palikuwa na kauli ya machimbo ya Luhuri, ambako kifusi kiliwafunika vijana chini ya ardhi. Na kwa kuwa kauli haikusomwa, vijana wale walihesabika bado wako zamu. Mama mmoja wa huko, Bi. Nyanzobe, alikuwa akija kila Ijumaa na kikapu chake, anakaa kwenye geti la mbele la Bunge kungoja muda uruhusu. Bi. Asumini alikuwa akitokea geti la nyuma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na geti la nyuma lina kivuli.

*

Jumanne moja asubuhi, yuko ofisini anakula muhogo wa kuchemsha, simu ikalia. Alikuwa wifi yake, Mwanaharusi, mke wa Shaibu.

Shaibu ni mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, ambaye Bi. Asumini alimbeba mgongoni mpaka nguo zake zote zikanuka mkojo wa mtoto. Alikuwa fundi baiskeli kule Kisimachai, na kila siku alivuka Daraja la Mkanyagi kwenda kwenye kibanda chake. Kila akipiga simu alisema, "Dada, daraja letu linacheka." Alimaanisha mbao zimeachana kama meno. Na dada akawa anajibu, "Cheka nalo, mdogo wangu, utafanyaje?"

"Wifi," alisema Mwanaharusi, sauti imemkauka. "Daraja limekatika. Shaibu alikuwa juu yake."

Bi. Asumini alibaki na kipande cha muhogo mdomoni, hakimezeki wala hakitemeki.

"Wamemtoa jana kwa wavu, yeye na wenzake. Wako hospitali ya mkoa. Tumekwenda na sanda, tumekwenda na sheikh, wanatukatalia. Wanasema daraja halijavunjika."

"Nani anasema hivyo?"

"Daktari mwenyewe! Kasimama dirishani, daraja analiona lile, limelala mtoni kama ng'ombe mgonjwa, ananiambia, 'Mama, mimi sijaona kitu. Nikiandika kafa kwa daraja nitakuwa nimesema limevunjika, na Serikali haijasema.' Bila cheti hakuna kibali, bila kibali hatoki." Mwanaharusi akavuta pumzi. "Wifi, si wewe ndiye unayepanga hayo mambo? Yapange basi. Maiti hacheleweshwi."

Bi. Asumini akakata simu, akalia. Alilia kwa sauti, mlango wazi, na wenzake waliopita koridoni walimwambia "Habari za asubuhi" kwa adabu zote, kwa sababu hakukuwa na kitu kilichotokea.

Na kule Kisimachai mambo yaliendelea kwa utaratibu. Askari wa barabarani alibaki kichwani mwa daraja, kaupa mto mgongo, akiyaruhusu magari kupita. Madereva walimpungia mkono, wakashukuru, wakageuza. Mmoja aliyeuliza "Afande, nipite wapi?" aliwekwa ndani kwa kosa la kueneza shimo.

*

Alianzia kwa bosi wake, Katibu wa Bunge, Bwana Fulgensi Kahabuka, mtu mrefu aliyekuwa akiongea kama anasoma.

"Pole sana, Bi. Asumini," alisema Bwana Kahabuka. Akafikiri kidogo. "Ingawa kikazi sijui nakupa pole ya nini."

"Naomba kauli ya daraja iingie Ijumaa hii, asubuhi."

"Asubuhi kuna Waziri wa Utalii. Twiga kazaa."

"Kwani twiga hawezi kungoja?"

"Kazaa pacha, Bi. Asumini. Na Mheshimiwa Rais ameshawapa majina." Akamtazama kwa huruma, maana hakuwa na roho mbaya hata yeye, nchi ile watu wenye roho mbaya walikuwa wachache sana, ndicho kilichokuwa kinatisha. "Ipeleke kwenye Kamati. Kamati ikisema ndiyo, mimi nani?"

Kamati ya Ratiba ilikutana kesho yake, na kama kawaida palikuwa na vitumbua, korosho na chai ya tangawizi, kwa sababu bila chai ya tangawizi akidi haikutimia. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Kibiriti, Waziri wa Nchi anayesimamia Bunge, mzee mfupi mwenye suti ya vipande vitatu hata wakati wa joto. Kazi ya Bi. Asumini mle ndani ilikuwa kuandika na kumimina chai. Siku hiyo alimimina, kisha akasema.

"Daraja likiwa juu ni langu, sikatai," alijibu Waziri wa Barabara, akipangusa mafuta ya kitumbua. "Lakini hili linalosemwa, inasemekana limo ndani ya maji. Kilichomo ndani ya maji ni cha mwenzangu wa Maji."

Waziri wa Maji, mama mwenye kilemba kikubwa, akacheka. "Eti nini? Maji yangu hayajalalamika. Tena hao watu wametolewa kwa nyavu. Kinachotolewa kwa nyavu ni cha Uvuvi, hilo hata mtoto analijua."

Waziri wa Uvuvi alikuwa safarini, kwa hiyo wote wakakubaliana kwamba ni lake.

"Hayo ya nani mwenyewe ni madogo," alisema Mheshimiwa Kibiriti. "Daraja lile lilizinduliwa na Mheshimiwa Rais. Utepe alikata kwa mkono wake. Sasa mnataka Serikali isimame, iseme mbele ya dunia kwamba kitu kilichozinduliwa kimeanguka? Kimeanguka kwa ruhusa ya nani?"

"Waheshimiwa," Bi. Asumini alisema, birika bado mkononi, "mmoja wa hao watu ni mdogo wangu. Tumbo moja, ziwa moja. Sitaki fidia, sitaki tume. Nataka kumzika."

Korosho zikakoma kutafunwa. Hata Waziri wa Maji alitazama chini. Mheshimiwa Kibiriti akavua miwani, akaifuta, macho yake yakalowa kweli, na wenzake wakaona jinsi kiongozi alivyo na moyo.

"Mama yangu," alisema, "Serikali hii ni sikivu. Tuko pamoja nawe. Iandike kauli Ijumaa."

Moyo wa Bi. Asumini uliruka. "Ahsante sana, Mheshimiwa. Saa ngapi?"

"Saa saba," alisema Mheshimiwa Kibiriti kwa upole, na kunyoosha mkono kwenye korosho. "Muda ukiruhusu."

*

Ijumaa ile muda haukuruhusu. Twiga walichukua asubuhi yote, maana kila mbunge alitaka kusema kwamba na kwao wapo.

Ijumaa iliyofuata Serikali ilitoa kauli ndefu kuhusu uhaba wa muda wa kutoa kauli. Ilikuwa nzuri, yenye takwimu, na msemaji akaongezewa muda mara kadhaa ili auelezee uhaba huo vizuri. Ijumaa nyingine kililetwa kiti kipya cha Spika, na kwa umoja wa kitaifa kila mbunge aliruhusiwa kukikalia kidogo. Saa saba ilipofika, Spika alitazama saa ya ukutani kwa masikitiko kama mtu anayetazama basi lililomwacha, akasema, "Waheshimiwa, muda hautoshi," akaliahirisha Bunge.

Bi. Asumini akawa anakuja na kwenda. Chakula hakimpandi. Simu ikilia anashtuka.

Siku moja alipiga mzee mmoja wa hospitali ya mkoa, Mzee Chambiko, mlinzi wa chumba cha maiti. "Dada, mimi ndiye ninayekaa na watu wenu huku," alisema. "Nimeambiwa niwaite wageni wa muda, nami nawaita. Lakini jokofu langu ni zee, na umeme wetu huu unaujua. Nawawekea barafu ya samaki. Fanyeni haraka, dada yangu. Kila nikiingia nawaomba radhi, na sasa nimechoka kuwaomba radhi."

Mwanaharusi naye akapiga. Kaanza eda, maana sheikh kasema kifo ni cha Mungu wala si cha Bunge. Lakini mtendaji wa kijiji kaja kumfokea avue yale mavazi meupe, mke wa mtu aliye hai hakai eda. "Tena ananiuliza, Shaibu kwa nini hakutokea kwenye kazi ya kujitolea," alisema Mwanaharusi. "Nikamuuliza kazi gani. Ananiambia, ya kupalilia njia ya kwenda darajani."

Kisha Mwanaharusi akacheka, kicheko kibaya, na Bi. Asumini akajikuta anacheka naye, wakacheka mpaka wakalia tena.

Ijumaa ya wiki hiyo geti la nyuma lilikuwa limefungwa, linapakwa chokaa kwa ajili ya wageni. Bi. Asumini akalazimika kutokea mbele. Bi. Nyanzobe alikuwa pale pale, kakaa juu ya khanga, kikapu pembeni.

"Muda umeruhusu, mwanangu?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Haya. Nitakuja Ijumaa."

Bi. Asumini alitaka kupita, miguu ikakataa. "Kijana wako alikuwa anaitwa nani, mama?"

"Anaitwa," Bi. Nyanzobe alimsahihisha bila ukali. "Malundi. Nilikwenda machimboni kuuliza, wakanionyesha ubao: jina lipo, ameingia, hajatoka. Wakasema mama, mwanao ni mchapakazi." Akapangusa vumbi kwenye kikapu. "Mimi sitaki makubwa. Namletea chakula cha mtu aliye kazini, narudi nacho. Nataka tu waniambie zamu imeisha, nijue cha kufanya na vyungu vyangu."

Bi. Asumini aliketi kwenye ile khanga, na suti yake ya kazini. Kauli ya Luhuri aliipanga yeye, saa saba, Ijumaa baada ya Ijumaa, na yale maneno mawili aliyaandika kwa vidole hivi hivi, na hakuwahi kujua kwamba yana uzito. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwaka moto.

*

Watu walikuja kusema baadaye kwamba alikuwa na hila, kwamba ni mwanamke jinni. Uongo. Mtu mwenye hila huwa na nguvu. Bi. Asumini siku ile aliketi mbele ya kompyuta kuipanga wiki mpya, akafika Ijumaa saa saba, akaweka vidole kuandika Muda ukiruhusu, na vidole vikagoma. Akakaa. Akapandisha macho kwenye ukurasa. Jumatatu, chini ya Pongezi, palikuwa na nafasi. Pongezi ndiyo sehemu pekee ya Ratiba ambayo haikuwahi kukosa muda tangu nchi ipate uhuru. Basi akaichukua Kauli ya Serikali kuhusu Daraja la Mkanyagi, akaiweka pale, kama mtu aliyechoka anavyotua mzigo palipo na benchi.

Kisha akaiandika kauli yenyewe. Ilikuwa fupi, na majina ya watu wote, maana Mwanaharusi alikuwa ameshamtajia. Akaitia kwenye jalada jekundu la Wizara ya Pongezi na Shukrani.

Hapo lazima niwaeleze desturi moja ya Tuliani. Waziri hafungui jalada lake kabla ya kufika kwenye mimbari. Kusoma mapema ni kuonyesha kwamba una wasiwasi na Serikali, na waziri mmoja aliyekutwa anachungulia alihamishiwa kwenye ubalozi wa nchi ya barafu. Kwa hiyo mawaziri walisoma walichokikuta, na walikisoma kwa imani.

Waziri wa Pongezi alikuwa Mheshimiwa Mloka, kijana mtanashati ambaye zamani alikuwa mshereheshaji wa harusi. Rais alimsikia kwenye harusi moja, akaipenda sauti yake, akamtungia wizara. Jumatatu alipanda mimbari, akafungua jalada, akatabasamu kabla hajasoma hata neno moja.

"Mheshimiwa Spika! Naomba kutoa Kauli ya Serikali kuhusu Daraja la Mkanyagi!"

Wabunge wakagonga meza. Kazi ya mbunge siku ya Pongezi ni kugonga meza kila msemaji anapovuta pumzi, na wale wa siku nyingi waligonga huku wamelala, mikono inajua yenyewe.

"Daraja hili, ambalo lilizinduliwa na Mheshimiwa Rais..."

Meza zikagongwa, wengine wakasimama.

"...limevunjika!"

Meza zikagongwa tena. Mheshimiwa mmoja akapiga vigelegele.

Bunge lile lilikuwa na mpinzani mmoja tu, Mheshimiwa Ng'wanza, ambaye aliwekwa ili nchi isionekane mbaya. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anasikiliza, kwa kuwa hakuwa na wa kupiga naye soga. Akaruka. "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika! Amesema limevunjika!"

"Kaa chini," alisema Spika kutoka kwenye kiti chake kipya. "Pongezi haikatizwi. Mheshimiwa Mloka, endelea, na usitishike."

"Watu waliokuwa juu yake wamefariki dunia," aliendelea Mheshimiwa Mloka, na sasa sauti yake ilianza kutetereka, maana mtu aliyesherehesha harusi nyingi hujua maneno gani hayamo harusini. Lakini ameshapanda mimbari. Aliyeshikwa na jukwaa hashuki. Akafanya alichofundishwa maishani: alipoyaona majina, aliyaita kama anavyowaita watu wa meza kuu, moja moja, polepole, akimpa kila mtu nafasi ya kupigiwa.

"Bwana... Hemedi Likwata!"

Meza.

"Bi. Zuhura... Mkambala, na mwanawe!"

Meza, na vigelegele.

Bi. Asumini alikuwa kwenye meza ya makatibu, chini ya Spika, kashika kalamu kwa mikono miwili. Alijua jina linalofuata.

"Fundi... Shaibu... Mbaruku!"

Bunge zima likagonga meza. Mawaziri waligonga, Mheshimiwa Kibiriti aligonga kwa viganja vyote viwili, ukumbi ukatetemeka mpaka maji kwenye glasi yakacheza. Shaibu, fundi baiskeli, ambaye maishani mwake hakupigiwa makofi na mtu, hata siku ya harusi yake maana mvua ilinyesha. Bi. Asumini aliinamisha kichwa mezani, machozi yakamwagika juu ya Ratiba. Alikuwa na uchungu, na katikati ya uchungu alikuwa, Mungu amsamehe, anaona fahari.

"Waliosema ndiyo wameshinda," alisema Spika.

Na kule Kisimachai, redio ilipomaliza kutangaza, askari wa barabarani aligeuka nyuma, akauona mto, akapiga yowe.

*

Jioni ile ile hospitali ilifungua mlango. Tatizo dogo likabaki: daktari alitakiwa kunakili sababu ya kifo kutoka kwenye Taarifa Rasmi ya Bunge, na kwenye Taarifa Rasmi kauli ile iliingizwa chini ya kichwa cha habari cha siku ile. Kwa hiyo cheti cha Shaibu kiliandikwa, kwa mhuri wa Jamhuri: Sababu ya kifo, Pongezi.

Bi. Asumini, aliyekuwa amesafiri kutwa na kuvushwa mto kwa kamba, akakisoma, akakisoma tena. "Hili siliafiki," alisema. "Watarekebisha."

"Wifi," alisema Mwanaharusi, akamshika mkono, "tusibishane nao. Watatuambia muda ukiruhusu. Tumzike."

Wakamwosha, wakamsalia, wakamzika. Mzee Chambiko alikuja na shati safi, akasimama nyuma ya watu wote, na ilipokwisha aliliendea kaburi akasema, "Nisamehe, fundi, kwa ile barafu." Watu wa Kisimachai wakalia siku hiyo mambo yao yote, ya daraja na yasiyo ya daraja, kwa sababu sasa ilikuwa ruhusa.

*

Bi. Asumini aliporudi kazini Ijumaa alikuta anangojwa. Mheshimiwa Kibiriti alikuwa amekaa kwenye ofisi ya Bwana Kahabuka, vifungo vya kizibao vimefunguka kwa hasira.

"Umeliaibisha Bunge! Watu wamegonga meza kwa msiba! Mimi nimegonga! Ifutwe ile kauli!"

"Haifutiki, Mheshimiwa," alisema Bwana Kahabuka. "Kanuni zinasema kilichopigiwa makofi ni kauli ya nchi."

"Basi kanuni zibadilishwe!"

"Hiyo itahitaji hoja, Mheshimiwa. Na hoja itahitaji kuingia kwenye Ratiba."

Mheshimiwa Kibiriti akamgeukia Bi. Asumini. "Wewe umefukuzwa kazi. Leo. Sasa hivi."

"Naam, Mheshimiwa," alisema Bi. Asumini, na kwa kweli alipata nafuu moyoni. Akafikiria kitanda chake, miguu yake ndani ya beseni la maji ya chumvi, na asubuhi ambazo hatampanga mtu yeyote mahali popote. Akachukua mkoba.

Bwana Kahabuka akakohoa. Hakumtazama mtu, alitazama ukuta. "Ila kufukuzwa kwa mtumishi wa Bunge ni jambo, Mheshimiwa. Na jambo halijatokea mpaka Serikali ilitolee kauli."

"Ilitolee! Tena iingizwe wiki ijayo! Nani anapanga Ratiba?"

Huko nje mtu alikuwa anaburuta ngazi, chokaa bado haijaisha.

Bi. Asumini akarudisha mkoba begani, akaenda ofisini kwake, akakaa kitako. Alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka. Akaifungua wiki mpya, akaandika: Kauli ya Serikali kuhusu Kufukuzwa kwa Mpanga Ratiba. Ijumaa, saa saba mchana, ya mwisho kabisa. Mbele yake akaweka yale maneno mawili, na safari hii vidole havikugoma.

Kisha akapandisha macho Jumatatu, kwenye Pongezi. Nafasi ilikuwapo.

Alipomaliza alitokea geti la mbele, ingawa la nyuma lilikuwa limeshafunguliwa. Akamkuta Bi. Nyanzobe anakunja khanga yake aondoke.

"Mama, wenzake Malundi unawajua majina?"

"Wote. Walikuwa wakila kwangu."

"Nitajie."

Jumatatu, Mheshimiwa Mloka alifungua jalada jekundu, akasoma mstari wa kwanza, akanyamaza. Wabunge wakamsubiri. Akalitazama kundi la meza, akamtazama mama wa miwani ya uzi aliyeketi chini ya Spika. Na kwa kuwa alishapanda mimbari, na kwa kuwa pengine hata yeye ana mama, alinyoosha tai yake, akaita jina la kwanza vizuri, kama la bwana harusi. Na saa nne asubuhi, Bunge zima likigonga meza, zamu ya Luhuri ikaisha.